Majina ya Watoto katika Nchi ya Uchina

Zamani katika nchi ya Uchina mama aliweza kuzaa watoto wengi, akalea wachache tu. Watu hawakujua bado habari za vijidudu viletavyo maradhi, basi walisema kwamba wako pepo wenye wivu, wazungukao nyumba kwa nyumba wakitafuta watoto wazuri wa kuwachukua, hasa wavulana. Pepo hao walidhaniwa kuwa wakali lakini wajinga, nao waliweza kudanganywa kwa jina.

Kwa hiyo mzazi aliyempenda sana mwanawe alimwita jina baya. Huko vijijini wako walioitwa Gousheng, maana yake mabaki ya mbwa, yaani kitu ambacho hata mbwa amekiacha. Wengine waliitwa Tiedan, yai la chuma, ili mtoto awe mgumu asivunjike. Pengine mvulana alipewa jina la kike, akatobolewa sikio moja na kuvikwa kipuli, pepo wamdhani msichana na kumpita. Majina hayo yalikuwa ya utotoni, nayo yaliitwa majina ya maziwa. Mtoto alipokwenda shule alipewa jina la heshima. Sima Xiangru, mtunga mashairi mashuhuri aliyekufa mwaka 117 kabla ya Kristo, aliitwa na wazazi wake Mtoto wa Mbwa. Alipokuwa mkubwa alijichagulia jina jingine, wala si ajabu.

Lakini jina la heshima nalo halikuchaguliwa ovyo. Wachina walisema kwamba mambo yote ya ulimwengu hutawaliwa na asili tano: mti, moto, udongo, madini na maji. Mwaguzi aliambiwa mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa kwa mtoto, akapiga hesabu zake, akasema labda kwamba mtoto amepungukiwa na maji. Ndipo baba alipotafuta jina lenye alama ya maji ndani yake. Maana Kichina hakiandikwi kwa herufi kama Kiswahili, bali kila neno lina mchoro wake. Liko jina Miao, ambalo mchoro wake ni alama ya maji iliyoandikwa mara tatu. Mwandishi Lu Xun alitoa mwaka 1921 hadithi yenye kijana wa shamba aitwaye Runtu. Neno tu katika jina hilo ni udongo, kwa kuwa alipozaliwa ilionekana amekosa udongo. Hata leo wako wazazi wanaowalipa waaguzi kwa kazi hii.

Kumpa mjukuu jina la babu yake si heshima kwa Wachina, bali ni utovu wa adabu. Zamani hata kutamka neno lenye sauti kama ya jina la baba kulikuwa aibu. Mshairi Li He, aliyezaliwa karibu na mwaka 790, alitaka kufanya mtihani mkuu wa serikali uitwao jinshi. Baba yake aliitwa Jinsu. Watu waliomwonea wivu wakasema kwamba mwana huyu hawezi kupata cheo hicho bila kumvunjia baba yake heshima. Mwanachuoni Han Yu alimtetea kwa maandishi, akauliza: ikiwa baba aitwa Ren, na mtu kwa Kichina ni ren, je, mwanawe asiwe mtu? Swali lilikuwa zuri, lakini Li He hakuufanya mtihani ule. Alipata kazi ndogo tu, akafa hajatimiza miaka 28.

Wasichana walikuwa na shida nyingine. Wengi waliitwa Zhaodi, maana yake mwite mdogo wako wa kiume. Wazazi waliamini kwamba kila binti alipoitwa, ndugu huyo atavutwa aje kuzaliwa. Ndugu akija, asije, jina lilibaki; binti aliliitikia shuleni, akaolewa nalo, akazeeka nalo. Siku hizi sheria ya Uchina yamruhusu mtu kubadili jina lake, na wako wanawake walioitwa Zhaodi ambao wamekwenda kuandikisha jina jingine, walilolichagua wenyewe.