PHP Kwanza, Laravel Baadaye

Kijana wa Singida anayetaka kutengeneza mifumo ya biashara mara nyingi hushauriwa aanze na Laravel moja kwa moja. Ushauri huo una nia njema, lakini unamrukisha hatua ambayo atadaiwa baadaye. Laravel, iliyotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, ni fremuweki, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa kwa lugha ya PHP ili wengine wasiirudie. Chini yake kila hesabu hufanywa na PHP, na tabia za PHP hubaki zilezile.

Chukua mfumo wa kupima alizeti ghalani, zao linalobeba kaya nyingi za mkoa huu. Iambie PHP ijumlishe 0.1 na 0.7, izidishe kwa 10, kisha ikate desimali. Mkulima anatarajia 8. PHP itatoa 7. Kompyuta haijaharibika. Huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa njia hiyo 0.1 na 0.7 haziandikiki kwa ukamilifu. Kinachopatikana kinapungua kidogo sana kufikia 8, na desimali zikikatwa inabaki 7. Mwongozo wa PHP unaonya kuhusu mfano huuhuu. Aliyeusoma atahifadhi uzito kwa gramu na malipo kwa shilingi kamili; asiyeusoma atampunja mkulima bila kujua, hata kama kurasa zake zinapendeza.

Au tuseme ghala linataka orodha ya wakulima 500, kila mmoja na kata yake. Kwa mistari michache Laravel italeta orodha hiyo, ila isipoelekezwa vinginevyo itaiuliza hifadhidata mara 501: mara moja kwa wakulima wote, kisha mara moja kwa kila mkulima. Dawa imo ndani ya Laravel yenyewe, lakini huitafuta yule aliyewahi kuandika maswali ya SQL kwa mkono na kuelewa kwa nini ukurasa unasuasua.

Wapo watakaosema ajira haisubiri, na kwamba fremuweki humkinga mwanagenzi na makosa ya usalama. Hoja ya pili ni ya kweli, nami sishauri mfumo wa wateja uandikwe bila kinga hiyo. Lakini kinga hufanya kazi pale tu isipokwepwa: Laravel inaruhusu SQL ghafi, na asiyejua hatari ya kuunganisha maneno ya mtumiaji na swali la hifadhidata ataufungua mlango uliokuwa umefungwa. Kuhusu ajira, misingi ninayoidai ni aina za data, mizunguko, funksheni, SQL na jinsi kivinjari kinavyozungumza na seva. Hiyo ni kazi ya miezi michache.

Tena misingi hii inakula bando dogo. Kuanzisha mradi wa Laravel hushusha vifurushi vingi kutoka intaneti, ilhali PHP ina seva yake ya majaribio tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, na mwongozo wake hupakuliwa mara moja ukasomwa bila mtandao, iwe Manyoni au Mkalama.