Kabla ya kuhamia mji wa chuo ng'ambo, piga hesabu

KUPATA barua ya kukubaliwa kusomea shahada ya uzamili au uzamifu nchini Marekani ni fahari kwa jamaa nzima. Hata hivyo, wengi hujiandaa kwa masomo wakasahau kwamba wanahamia mji wenye taratibu zake za makazi na kazi.

Chukua mfano wa Athens, jimboni Ohio. Huu ni mji mdogo uliokuwa na wakazi wapatao 24,000 katika sensa ya mwaka 2020, na maisha yake hutegemea sana Chuo Kikuu cha Ohio kilichoasisiwa mwaka 1804. Wakenya si wageni huko, kwani kwa miaka mingi baadhi yao walijilipia masomo kwa kufundisha Kiswahili chuoni humo.

Jambo la kwanza ni usafiri. Columbus, jiji kubwa lililo karibu, liko umbali wa kilomita 120 hivi, na asiye na gari hana matatu ya kurukia wakati wowote. Ndiposa ni busara kutafuta nyumba iliyo karibu na chuo, au iliyo kwenye njia ya basi, hata kama kodi yake ni ya juu kidogo.

Pili ni nyumba yenyewe. Katika miji ya aina hii, mikataba mingi huanza Agosti pamoja na mwaka wa masomo, nayo hudumu miezi 12. Aidha, wenye nyumba hupenda kuchunguza rekodi ya ulipaji madeni ya mpangaji. Mgeni hana rekodi hiyo, na huenda akatakiwa kutoa amana kubwa zaidi au kutafuta mdhamini.

Tatu, na hapa ndipo wengi hujikwaa, ni kazi. Mwenye visa ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Kazi ya nje huhitaji kibali maalumu. Anayekiuka sheria hiyo hupoteza haki ya kuendelea kukaa nchini humo kama mwanafunzi. Isitoshe, mke au mume anayeandamana naye kwa visa ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa hata kidogo.

Njia ya kutegemewa zaidi ni kupata nafasi ya usaidizi katika ufundishaji au utafiti, ambapo chuo humsamehe mwanafunzi karo na kumlipa posho. Lakini isome barua hiyo kwa makini. Posho nyingi hulipwa kwa miezi tisa pekee, ilhali kodi ya nyumba haina likizo. Bima ya afya na ada nyinginezo pia huenda zisiwe miongoni mwa zilizosamehewa. Hata malipo ya kwanza yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa kuwa mgeni huomba nambari ya hifadhi ya jamii baada ya kufika. Mwenye kubeba akiba ya miezi miwili hatalala njaa.

Baada ya kuhitimu, mwanafunzi anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi inayohusiana na taaluma yake kwa miezi 12. Waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Maombi hayo yana makataa, na anayechelewa hupoteza nafasi hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kuuza shamba la familia au kuandika barua ya kujiuzulu, uliza chuo maswali haya: Posho ni ya miezi mingapi? Nini hakijasamehewa? Je, ufadhili utaendelea mwaka wa pili? Ikiwezekana, mwombe mwajiri likizo ya masomo badala ya kuacha kazi. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao.