Mfanyabiashara mdogo hurudi na nini kutoka maonyesho?

Kila ifikapo mwanzoni mwa Agosti magari huondoka Nachingwea na Ruangwa yakiwa na viroba, maboksi na mabango. Safari ni ya viwanja vya Ngongo, mjini Lindi, ambako mikoa ya Lindi na Mtwara hufanya maonyesho ya Nane Nane. Baada ya siku nane hutangazwa nani amepata kikombe. Hatuelezwi kama mwenye meza ndogo amerudisha hata nauli yake. Hilo ndilo nataka tulizungumze juma hili.

Kwanza tuelewane maonyesho ni kitu gani. Gulioni mtu huuza alichobeba akarudi na fedha. Maonyesho yalibuniwa ili mwenye bidhaa akutane na mtu atakayenunua mara nyingi, hata kama siku hiyo hakununua chochote. Maonyesho ya Canton, kule Guangzhou nchini China, yalianza mwaka 1957 na hadi leo shabaha yake ni oda za jumla. Kwetu, Sabasaba ya Dar es Salaam na Nane Nane zimekuwa vyote viwili, maonyesho na gulio. Ndipo mdogo anapopata tabu: gharama anazobeba ni za maonyesho, mapato anayopata ni ya gulio.

Tupige hesabu ya mfano. Mama wa Nachingwea anabangua korosho na kila pakiti humpa faida ya shilingi 2,000. Tuseme kibanda cha Ngongo kimelipiwa na halmashauri. Nauli na mzigo shilingi 50,000. Chumba usiku nane kwa 15,000 ni 120,000. Chakula siku nane kwa 8,000 ni 64,000. Anayemshikia biashara nyumbani, 5,000 kwa siku, ni 40,000. Jumla 274,000. Hapo ni lazima auze pakiti 137 ili arudi alipokuwa, hajapata hata senti ya kuweka kibindoni. Na jirani yake wa kulia anauza korosho, wa kushoto anauza korosho, maana mikoa yote miwili ni ya korosho.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye daftari, nalo ni majira. Ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuzwa kwa minada kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na mauzo hayo huwa katikati ya mwaka. Korosho husubiri hadi Oktoba. Basi Sabasaba, inayoanza mwishoni mwa Juni, na Nane Nane inayofuata, huangukia wakati mkulima ameshika shilingi ya ufuta. Ndio wakati anaotafuta bati, baiskeli na kitenge. Mwenye duka anayefunga wiki nzima kwenda maonyesho amewaachia washindani wake siku bora za mwaka.

La tatu linamgusa zaidi mwenye duka la rejareja. Yeye hununua kwa mwenye jumla wa Masasi, Lindi au Kariakoo. Akifika Sabasaba, si ajabu akute kiwanda kinamuuzia mpita njia kitu kimoja kimoja kwa kile kinachoitwa bei ya maonyesho, bei iliyo chini ya ile anayonunulia yeye. Mteja akirudi nyumbani humwambia: "Wewe unatunyonya." Kumbe aliyepunguza bei hana kodi ya fremu Ruangwa, wala halipi lori la kupandisha mzigo huko. Kiwanda kinachofanya hivyo kinashindana na watu wanaokiuzia bidhaa zake miezi mingine yote.

Nani basi anapata? Kwa niliyoyaona katika kutembelea viwanja hivi, aliye na uhakika ni mama lishe, muuza maji, kijana wa bodaboda na mwenye nyumba ya wageni. Hao huwauzia waonyeshaji wenyewe, nao hulala kwao. Ndiyo maana maonyesho yanapokuja mlangoni hesabu hubadilika. Mwaka 2025 Ruangwa ilikuwa mwenyeji wa maonyesho ya madini na fursa za uwekezaji ya mkoa wa Lindi. Nauli na chumba vikiondoka katika ile hesabu yetu ya mfano, shilingi 170,000 zinabaki mfukoni.

Hata hivyo, faida kubwa ya maonyesho kama yale haiko katika sahani za wali. Wilaya ile ina madini ya kinywe na dhahabu, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinawataka wenye migodi kutoa nafasi ya kwanza kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Mgodi hula mboga, mayai na nyama kila siku, huvaa sare na kuhitaji usafi. Lakini haununui kwa mtu asiye na jina la biashara, namba ya mlipa kodi na risiti. Mwenye genge anayekwenda kuuza nyanya kwa wageni ameuza nyanya. Anayekwenda kumuuliza ofisa manunuzi masharti ya kupeleka nyanya ameanza biashara.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wadogo ni huu. Beba mzigo mchache na maswali mengi. Kabla ya kuondoka, jua unaweza kutoa kilo ngapi kwa mwezi na kwa bei gani, maana mnunuzi wa kweli ataanza na hilo. Kama ni chakula cha pakiti, pitia SIDO wakuelekeze namna ya kupata alama ya TBS. Mwenye supamaketi hutazama alama hiyo kabla hajaonja. Mwenye duka, zungukia viwanda siku za mwanzo, uliza bei ya jumla na masharti ya uwakala. Andika majina na namba za simu, na upige wiki inayofuata. Wenye maduka watatu wa mtaa mmoja wanaweza kumtuma mmoja kwa nauli ya kuchangiana.

Kwa halmashauri nako kuna neno. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina maana kumkopesha mama mtaji, kisha bidhaa yake ikasimamiwa Ngongo na ofisa asiyejua bei yake. Mnunuzi akiuliza kama atapata kilo 500 kila mwezi, hujibiwa "tutakujulisha". Mwenye mali asimame na mali yake.

Na waandaaji watenge siku moja au mbili za wafanyabiashara peke yao, siku ambazo kiwanda hakiuzi kimoja kimoja bali kinazungumza na wenye maduka. Wananchi waje siku zinazofuata, washangilie ngoma na kununua wapendavyo. Kikombe ni kizuri kukiweka kabatini, lakini mwenye meza ndogo hawezi kukilipia kodi ya fremu.