Ubongo hujifunza, lakini sharti mtu awe makini

MTU anayehamia nyumba iliyo kando ya barabara ya matatu hukosa usingizi siku za kwanza. Baada ya majuma machache, honi zile zile hulia naye asishtuke. Masikio yake hayana kasoro. Ni ubongo uliozoea.

Mtaalamu wa Marekani, Dkt Eric Kandel, alichunguza hali hii kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Konokono huyo anapoguswa mara ya kwanza, hurudisha haraka kiungo chake cha kupumulia. Akiguswa mara kumi hivi, mshtuko hupungua. Kandel na wenzake waligundua kwamba neva zinazopokea mguso huo huanza kutoa kiasi kidogo cha kemikali inayopitisha ujumbe. Mwaka wa 2000, Kandel alikuwa miongoni mwa watatu waliotuzwa Nobel ya tiba.

Je, kila jambo linalorudiwa hupuuzwa na ubongo? La, hasha. Mwaka wa 1993, Gregg Recanzone, Christoph Schreiner na Michael Merzenich walieleza majaribio waliyofanyia tumbili. Baadhi yao walifunzwa kutofautisha sauti zinazokaribiana sana, na waliofaulu walituzwa. Baada ya mafunzo ya muda mrefu, sehemu ya ubongo inayopokea sauti hizo ilikuwa imepanuka. Kadiri ilivyopanuka, ndivyo tumbili alivyotofautisha sauti vyema.

Tumbili wengine walisikizwa sauti hizo hizo, lakini kazi waliyotuzwa kwayo ilikuwa ya kutambua mguso wa ngozi. Kwao, sehemu ya kusikia haikupanuka. Sauti zilifika masikioni, lakini hawakuwa na haja ya kuzifuata.

Kwa hivyo, kurudia peke yake hakutoshi. Ubongo hupanua nafasi kwa jambo ambalo mwenyewe amelitilia maanani.

Somo hili ni muhimu kwa jamaa wa mgonjwa wa kiharusi. Wengi humnyoosha mkono uliopooza huku yeye akitazama televisheni. Lakini mgonjwa mwenye uwezo wa kusogeza mkono kidogo anahitaji kujaribu mwenyewe.

Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2006, wagonjwa 222 walishiriki, wote wakiwa bado na uwezo wa kusogeza kiganja na vidole kiasi. Baadhi yao walivishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa majuma mawili, ili wautumie ule dhaifu. Waliofanya hivyo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Usimfunge mgonjwa mkono bila ushauri. Mwulize mtaalamu wa tiba ya viungo ni mazoezi gani yanayomfaa. Kisha zima televisheni, mpe kikombe, na umwache ajaribu kukishika tena na tena, macho yake yakiwa mkononi.