Hesabu ya Rodri

Septemba 17, 2024, siku moja kabla ya Manchester City kucheza na Inter Milan, kiungo wao Rodri aliulizwa kama wachezaji wanaweza kufikia kugoma kwa sababu ya wingi wa mechi. Hakukwepa. Alisema wako karibu kufika huko, na kwamba mchezaji yeyote ukimuuliza atakujibu hivyohivyo.

Magazeti yalibeba neno mgomo. Mimi nilinaswa na kilichofuata, kwa sababu Rodri alitoa hesabu. Kwa uzoefu wake, mchezaji anaweza kudumu katika kiwango cha juu kabisa kwa mechi kati ya 40 na 50 kwa msimu. Sitini au sabini, hapana. Ukipita hapo unashuka tu, mwili hauhimili. Na mwaka huo, alikadiria, huenda wengine wakafika 70, pengine 80.

Huyu ni kiungo mkabaji aliyesomea usimamizi wa biashara chuo kikuu huku akikipiga Villarreal, akilala hosteli pamoja na wanafunzi wengine. Hakuwa anabahatisha. Msimu uliotoka kuisha alicheza mechi 63, za klabu na za Hispania. Kwa kipimo chake mwenyewe, alizidisha 13. Katika ile ya mwisho, fainali ya Euro mjini Berlin, aliumia na hakurudi kipindi cha pili. Alipowaambia waandishi kwamba wachezaji ndio wahusika wakuu wa mchezo huu, au biashara hii, iite upendavyo, na kwamba lazima awepo wa kuwatunza, alikuwa akisoma daftari lake.

Siku tano baadaye, dhidi ya Arsenal, alianguka wakati wa kona. Kano ya mbele ya goti la kulia ilikatika. Mwezi uliofuata alipokea Ballon d'Or jijini Paris akiwa na magongo.

Ni rahisi mno kusema ratiba ndiyo iliyomvunja. Lakini Rodri ndiyo kwanza alikuwa amerejea; wiki za mwanzo za msimu hakucheza. Tangu mechi ya Inter zilikuwa zimepita zaidi ya saa 72 ambazo wataalamu wengi huzitaja kuwa za misuli kurudi katika hali yake. Je, kuna uchovu usioondoka kwa siku nne, wala kwa wiki kadhaa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu timu moja ya Ulaya ulikuta kwamba waliocheza mara mbili kwa wiki walikimbia umbali uleule kama waliocheza mara moja, ila majeraha yao yalikuwa takriban mara sita. Kocha anayetazama kilomita tu hataona kitu.

Kwa sababu ya ratiba hiyo, vyama vya wachezaji vimeipeleka FIFA mahakamani mjini Brussels. FIFA nayo imezijibu ligi za Ulaya zilizolalamika kwa kuziita za kinafiki, kwani zinapenda ziara za mbali za mechi za kirafiki. Hapo, kusema kweli, haijakosea.

Kwetu Tanzania nako kuna viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Msimu wa 2024/25 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika huku mechi za ligi zikiwasubiri nyumbani. Tulibishana sana kuhusu tarehe. Nani alikuwa akihesabu dakika za mchezaji mmojammoja, na hesabu hiyo imeandikwa wapi?

Rodri alirudi uwanjani Mei 2025. Mwezi uliofuata alikuwa Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu lenye timu 32, ambalo kwa ukubwa huo lilikuwa halijawahi kuchezwa. City walitolewa na Al-Hilal kwa mabao 4-3 baada ya dakika 120, na Rodri akaumia tena katika mechi hiyo. Ligi Kuu ya England ilianza upya katikati ya Agosti.