"Msomi" wa Simbo akanwa na mamaye

Kila wiki nawaanika wenzangu, leo naomba nijianike mwenyewe.

Mwaka juzi mhariri mmoja alinipigia simu. Hadithi yangu imekubaliwa, kitabu kinakwenda mtamboni, kilichobaki ni wasifu wangu wa maneno 50. Maneno 50 tu! Nikaandika papo hapo, nimekalia ndoo: mwandishi mashuhuri, msomi wa chuo kikuu, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Jamani, chuo kikuu! Mimi niliyeishia fomu foo mwaka 2015. Na hiyo Dar nilishuka na treni ya Kigoma nina miaka 19, mkononi dumu la mawese la shangazi.

Kitabu kikatoka, nikakipeleka Simbo kwa mbwembwe. Mdogo wangu akamsomea mama ule ukurasa wa nyuma. Mama kimya. Halafu akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nimekamua mawese mpaka mikono ikachubuka, nikulipie ada ya sekondari. Sasa mwanangu, hicho chuo amekulipia mama yupi?"

Na kweli, ada ilikuja kufutwa 2016, mimi nimeshamaliza. Usiku ule ugali wa muhogo na migebuka ulinikwama kooni.

Tangu hapo nachunguza wakubwa walijielezaje. Tippu Tip, yule aliyepita Ujiji na misafara ya pembe na watumwa (mikono yake haikuwa safi hata kidogo), aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Hakuanza kwa kujisifu, kaanza na safari za biashara akiwa na miaka 12, anauza sandarusi. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha, na heshima yake haikupungua.

Basi nawe ukiombwa wasifu, jiandike kama unamtambulisha rafiki: "ameandika", si "nimeandika". Tanguliza kazi zako na zilikotoka. Kama ni hadithi mbili, sema mbili. Hilo "mashuhuri" waachie wasomaji, wakiona linafaa watakupa wenyewe. Kazi inayokulisha usiione haya. Mambo ya kupenda muziki na kuogelea, aa, hayo ya barua za kutafuta mchumba.

Majuzi nimeombwa tena. Nimefuta mara nne, ndipo nikapata hii:

"Amezaliwa Simbo, Kigoma. Ameandika hadithi fupi mbili na safu ya gazetini. Alisoma hadi kidato cha nne kwa fedha za mawese ya mama yake. Mchana anauza vocha Buguruni."

Kabla ya kuituma nikampigia mama, nikamsomea polepole. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema niongeze na karanga, kwani ule mwaka wa mwisho mawese hayakuwa na bei.

Nimeongeza.