Kwa nini gasketi mpya ya injini huungua tena

MSHALE wa joto hupanda polepole. Gari limo kwenye foleni ya feri ya Likoni mchana wa kaskazi, linasogea hatua chache kisha linasimama, na dereva hataki kuzima injini asije akapitwa. Ghafla mvuke unafuka chini ya boneti. Fundi anapofika hutoa uamuzi ambao wenye matatu na teksi wa Mombasa wanauogopa: gasketi ya hedi imeungua.

Gari hupelekwa gereji, gasketi mpya hutiwa, na mwenye gari hulipa. Mwezi hauishi kabla halijachemsha tena. Hapo lawama huangukia gasketi, ikidaiwa kuwa bandia. Bandia zipo, lakini mara nyingi kilichoiunguza ya kwanza hakikuguswa.

Gasketi hiyo ni bapa jembamba lililobanwa baina ya bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na hedi inayoifunika kwa juu. Huzuia moto wa silinda, oili na maji ya kupozea visikutane. Ikitoboka, maji hupungua bila kuonekana yanakovujia, moshi mweupe hutoka ekzosi, viputo hufurika kwenye rejeta, au oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Anayeona dalili ya mwisho hana budi kuzima injini papo hapo, kwani oili iliyochanganyika na maji haiwezi kulinda beringi.

Hedi za magari mengi madogo ni za alumini, ilhali bloku nyingi ni za chuma. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma inapopata moto. Joto likizidi mno, hedi hupinda, na gasketi hukosa kubanwa sawasawa.

Mombasa bara ina sababu zake za kuzidisha joto hilo. Kwenye foleni ya Likoni hakuna upepo wa mwendo unaopita kwenye rejeta. Feni pekee ndiyo tegemeo, na ikiwa imechoka, mambo huharibika. Upepo wa bahari nao hula mapezi ya rejeta. Magari yatokayo Changamwe yakiwa na shehena hukabiliwa na mwinuko wa kuelekea Mazeras. Lakini adui asiyetiliwa maanani ni maji yenyewe. Kisauni na Likoni, ambako mifereji hukauka mara kwa mara, wengi hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Chumvi hiyo hutafuna alumini, na madini mengine huganda ndani ya mirija ya rejeta hadi maji yakashindwa kupita. Afadhali maji yaliyotoneshwa, yasiyo na asidi, yakichanganywa na kulanti.

Matengenezo ya haki huanza injini ikiwa imepoa kabisa. Hedi ikishafunguliwa, huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa nafasi iliyo chini yake. Katika injini nyingi ndogo, mpindo unaozidi sehemu 1 ya 10 ya milimita haukubaliki, na jicho la fundi, hata awe hodari vipi, haliwezi kuuona. Hedi hiyo hupelekwa kwenye karakana yenye mashine ikasawazishwe na kupimwa nyufa. Hii ndiyo gharama ambayo wenye magari hujaribu kuikwepa, na ndiyo inayowarudisha gereji.

Uso wa bloku nao husafishwa, na mashimo ya bolti hukaushwa, kwa kuwa maji yaliyonaswa humo yanaweza kupasua bloku bolti inapokazwa. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Baadhi ya injini hudai bolti mpya kila hedi inapofunguliwa.

Kisha huja thamostati. Mafundi wengi huing'oa kwa hoja kwamba Pwani ni joto. Hoja hiyo haina msingi. Katika baadhi ya injini, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, maji moto huzunguka na kurudi injini bila kupita kwenye rejeta. Inayofaa ni mpya, pamoja na kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo, kwa sababu shinikizo ndilo linalozuia maji kuchemka mapema.

Mwisho, oili na chujio hubadilishwa, maji hujazwa injini ikiwa baridi, na injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi hadi thamostati ifunguke na hewa itoke. Viputo visipokoma baada ya hapo, pengine hedi au bloku ina ufa, na gari halipaswi kutoka gereji.